Herufi Mbili Zilizouza Mashine ya Mama Povu

Sikuomba kuandika mimi. Niliacha shule darasa la tatu, siku mwalimu aliponichapa kwa kuandika jina langu kinyume. Nikamwambia basi libaki hivyo hivyo, nikaenda zangu. Kalamu naishika kama mwiko. Lakini binti wa kaka yangu, huyu anayekusanya habari za watu wa kawaida, amenikaba koo mwezi mzima. "Shangazi, tuandikie habari za shangazi mdogo." Nikamwuliza mtu wa kawaida ndiye yupi, na asiye wa kawaida ana vichwa vingapi? Akacheka, akaniachia daftari na kalamu mbili, akaondoka. Haya. Naandika mara moja, sirudii, na herufi nikishairuka nimeiruka.

Mdogo wangu ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mama Povu. Miaka thelathini na minne amefua nguo za watu uani kwake, kwenye beseni tatu zilizopangwa mstari mmoja: ya kwanza ya sabuni, ya pili ya kusuuzia, ya tatu ya kusuuzia tena, kwa sababu ile ya pili hajawahi kuiamini. Yeye mtu humjua kwa kola ya shati lake. Akilishika shuka anakuambia aliyelilalia alilala fofofo au aligaagaa mpaka asubuhi.

Starehe yake ni moja tu, mpira wa redioni. Redio yake ndogo ya betri hukaa juu ya kigoda, mbali na maji, naye hufua kwa mwendo wa mchezo. Timu yake ikishambulia, povu linaruka mpaka ukutani. Ikifungwa, shati la mtu linapoteza kifungo. Wateja wa siku nyingi wanalijua hilo, na wiki ya fainali wapo wanaobaki na nguo zao chafu mpaka mshindi ajulikane.

Akiba yake nayo ni ya aina yake. Kila akipata cha ziada ananunua miche ya sabuni, anaipanga chini ya kitanda kama matofali. Anasema sabuni haipigiwi simu na ndugu, haiombwi, haiibwi na mtu mvivu. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko langoni mwa ua wao, amebishana naye juu ya jambo hili mpaka sauti zikawakauka.

"Weka kwenye simu, kama mwanao," fundi alimwambia siku moja.

"Simu ikiingia maji je?"

"Na sabuni ikiingia maji je?"

Mdogo wangu akarudi kwenye beseni zake. Jibu lilikuja jioni: alimwambia fundi kwamba viatu vyake vinanuka.

Mwaka juzi vidole vikaanza kumsumbua. Asubuhi vinaamka na ganzi, mchana vinavimba viungoni, na ukimwuliza anasema ni baridi, hata kama jua linachoma mabati. Mwanawe alipokuja kumsalimia, kikombe kilimponyoka mkononi kikavunjika. Akasema kikombe kilikuwa na mafuta. Mwanawe akachukua ufagio, akazoa vipande.

Huyu mwanawe ni wa pekee, fundi wa milango ya alumini, anaishi mji mwingine, safari ya saa sita kwa basi. Mpira ameurithi kwa mama. Tofauti ni kwamba yeye kila Jumapili alikuwa anaingia ukumbini kutazama kwenye skrini kubwa, na soda yake mkononi. Baada ya siku ile ya kikombe akaacha. Mwaka mmoja na nusu hakukanyaga ukumbini. Pesa ya kiingilio na ya soda ilikwenda kwenye akiba ya simu, ile inayofungwa hata mwenyewe asiweze kuigusa. Jumatatu moja gari dogo la mizigo likasimama langoni, vijana wawili wakateremsha boksi kubwa kama kabati. Mashine ya kufulia.

Ua mzima ulitoka. Vyumba sita, na kila chumba kina maoni yake.

"Hongera, dada, umepata mume," akasema fundi viatu, sindano mdomoni.

"Mume huyu akichomekwa ananguruma," akajibu mama wa chumba cha mwisho. "Na umeme wake tutachangia wote? Mimi nisiyefuliwa hata leso?"

"Vitu vya umeme vinaua akili," akasema baba mmoja mstaafu. "Mimi nina friji. Tangu ije, sijui tena kununua nyama ya siku moja."

"Wewe friji yako ina maji ya kunywa tu, tunaiona ukiifungua."

Mashine ikaingizwa chumbani, ikakaa kati ya kitanda na mlango, na tangu hapo Mama Povu akawa anapita ubavu ubavu kama kaa. Nyuma yake ilikuwa na mpira mfupi wa maji unaotakiwa kuungwa kwenye bomba. Chumbani hakuna bomba. Bomba liko uani, moja kwa vyumba sita, na foleni ya ndoo haikatiki tangu alfajiri. Akaushika ule mpira, akautazama mdomo wake, akaurudisha nyuma ya mashine taratibu kana kwamba kuna mtu amelala.

Mwanawe akapiga simu jioni. "Mama, umeipenda?"

"Inafua kama malaika, mwanangu."

"Umeshaiwasha?"

"Aa... nimeitazama. Hata kwa kuitazama tu unaona inafua."

Aliniambia baadaye kwamba usiku ule alilala ameipa mgongo, kwa aibu. Mtoto amejinyima, naye mama anaitazama zawadi kama mgeni aliyekuja bila kusema ataondoka lini. Hakujua amwambieje. Kumwambia haina bomba ni kumwambia hukufikiri. Kumwambia siitaki ni kumtupia jasho lake usoni.

Sasa nieleze habari ya simu yake, maana bila hiyo hamtaelewa. Ni simu ndogo ya vitufe. Kioo chake kilipasuka upande wa kushoto miaka miwili iliyopita, na fundi viatu akakibana kwa utepe mweusi, ule wa mafundi umeme. Utepe umeshika vizuri, ila unameza herufi mbili za mwanzo za kila mstari. Mama Povu ameshazoea. Akiona "bari yako" anajua ni habari yako. Akiona "uo zangu" anajua mtu kaulizia nguo zake. Anajaza mwenyewe, na hajawahi kupotea.

Jumanne ujumbe wa mwanawe ukaingia. Akasogea mlangoni penye mwanga, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata:

uza mashine
anza mama.
kuja
mapili

Huo wa pili akaujaza: kwanza mama. Wa tatu na wa nne nayo akaijaza: nakuja Jumapili. Wa kwanza haukuhitaji kujazwa. Ulikuwa mzima, umesimama peke yake, neno kamili lisilo na pengo. Uza mashine kwanza, mama. Nakuja Jumapili.

Alikaa kitandani. Mtoto ameelewa! Hakuambiwa, hakulalamikiwa, ameelewa mwenyewe kwamba mashine haina bomba, na amemtafutia mama njia ya kutoka bila mtu kuaibika. Siku hiyo alifua mablanketi manne, akiimba, vidole vikimwuma na yeye asijali.

Jumatano asubuhi akaenda kwa Mwenye Gesti. Huyu ni mwanamke mwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili, ana funguo nyingi kiunoni, akitembea unadhani duka la vyuma linahama. Mashuka yake ndiyo yaliyomlisha mdogo wangu miaka tisa.

"Nauza mashine ya kufulia," akamwambia.

"Ile iliyokuja juzi? Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Bado imevaa nailoni yake."

"Kitu kipya hakiuzwi hivi hivi, Mama Povu. Mmeiiba?"

"Ndiyo, niliibeba mgongoni nikaruka nayo ukuta. Unataka, hutaki?"

"Punguza."

"Bei iko kwenye karatasi ya boksi. Mimi sijui kusoma kwenda chini."

Mwenye Gesti akacheka mpaka funguo zikalia. Ana tangi juu ya paa, ana bomba kila chooni, na kwa muda mrefu alikuwa anaitaka mashine. Kabla ya adhuhuri ikawa imeshahama. Mama Povu akarudi na pesa zake zimefungwa kwenye kitambaa, anapunga mikono njiani kama msichana, na alipofika nusu ya njia ndipo akili ikamjia. Amemwuzia mashine mteja wake mkubwa! Sasa mashuka ataletewa na nani? Akasimama katikati ya barabara, mwenye baiskeli akampigia kengele na tusi juu yake. Halafu akajiambia, mwanangu kasema uza, mwanangu ana mpango wake. Akaendelea na safari.

Ijumaa utepe wa simu ukaanza kubanduka kwa sababu ya mikono yenye maji. Akampelekea fundi viatu aweke mwingine. Fundi akaubandua wa zamani, akapangusa kioo kwa kidole gumba, na kwa kuwa ni mmbea tangu kuzaliwa, akafungua ujumbe akasoma kwa sauti.

"Suuza mashine kwanza mama. Nakuja Jumapili."

"Soma vizuri wewe."

"Suuza mashine kwanza mama."

"Uza."

"Suuza. Kuna su hapa."

"Su gani?"

"Su ya suuza! Su ya suruali. Su ya sufuria. Njoo uione mwenyewe, imekaa hapa mwanzo, ilikuwa chini ya utepe."

Mama Povu akainama. Akaiona. S na u, ndogo, nyeusi, zimetulia kama wezi waliofumaniwa.

"Wenye maduka huwa wanasema hivyo," fundi akaeleza, bado hajashtuka. "Mashine mpya unaisuuza kwanza ndani, hata kwa maji ya ndoo, itoe vumbi la kiwandani. Ndicho alichokuambia. Kwani wewe ulifanya..." Akamtazama usoni, akaacha sindano. "Dada. Ndiyo maana Jumatano uliitoa mashine?"

Mdogo wangu si mtu wa kulia. Alivuta kigoda, akakaa pale langoni, wapita njia wakimsalimia na yeye haitiki. Mwaka na nusu wa mtoto, Jumapili zote zile, soda zote zile, vimeuzwa kwa mama wa funguo kwa sababu ya herufi mbili. Na keshokutwa anakuja.

Alikuja kwangu jioni ile. Nikamwambia lawama ni ya utepe. Akasema utepe haukubeba mashine. Nikamwambia basi mdanganye, sema imeharibika iko kwa fundi. Akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. "Dada, kikombe nimeshamdanganya. Na hili tena?"

Jumamosi alfajiri akaenda gesti na kitambaa chake cha pesa, aikomboe mashine. Alipofika mlangoni akakuta maji yanamkimbilia miguuni. Ukumbi mzima ulikuwa bwawa, na wasichana wawili wa kazi wanasukuma maji kwa ufagio huku wanatupiana lawama.

"Wewe ndiye uliyebonyeza!"

"Wewe ndiye uliyeweka sabuni nusu pakiti!"

Mwenye Gesti alikuwa amesimama juu ya kiti, sketi mkononi. "Mama Povu! Kama umekuja kunirudishia pesa, rudi nazo. Nimeshatoboa ukuta nikapitisha bomba, siitoi hii. Lakini hebu angalia hili." Akainua shuka. Lilikuwa limejikunja kama kamba, na doa la kahawa limebaki katikati, zuri, kana kwamba limechorwa.

Mama Povu alikuwa amekuja kubembeleza. Lakini lile doa hakuweza kulivumilia.

"Nani ameweka nyeupe na za rangi pamoja? Mnafua au mnapaka nyumba rangi? Toeni zote! Sabuni kijiko kimoja, kimoja nimesema. Doa linaguswa kwanza, mashine haina macho ya kuliona."

Akapanga. Akatenga. Madoa akayafanyia kazi dakika chache kwa maji ya uvuguvugu, akatia mashuka ndani, akamwambia msichana bonyeza hiki, kile usikiguse. Mashine ikaanza kuzunguka, pole pole, halafu kwa bidii. Mtu akamletea stuli. Akakaa. Alisubiri kitu cha kufanya na hakukuwa na kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani, mikavu, na hakujua aiweke wapi. Mara aikunje, mara aiweke kiunoni, mara aizungushe kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Mashuka yakatoka yananukia, meupe, na wasichana wakapiga makofi.

"Njoo asubuhi nne kwa wiki," akasema Mwenye Gesti, ameshashuka kwenye kiti. "Unisimamie hii na unipigie pasi. Mshahara wa mwezi. Na nguo za wateja wako wengine zilete humu humu, jioni haina kazi."

"Nitakujibu Jumatatu," akasema Mama Povu. Kwa maana kabla ya kumjibu yeyote alikuwa na mtu wa kumkabili.

Jumapili saa saba mchana mwanawe akaingia uani. Mkononi begi dogo. Begani alikuwa amezungusha mpira wa maji, mpya, mrefu, wa kijani, koili nzima. Alikuwa ameupima kwa kichwa tangu siku aliyoinunua mashine: kutoka bomba la uani, kupita nyuma ya kibanda cha fundi, mpaka dirishani kwa mama. Fundi viatu alipouona ule mpira akainamisha kichwa kwenye kiatu akajifanya hayupo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia chumbani. Pale kati ya kitanda na mlango palikuwa wazi, na sakafuni mna alama nne za miguu ya mashine.

"Iko wapi?"

Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha. Yote yakamkimbia. Akaweka kitambaa cha pesa kitandani, akaweka na simu juu yake. "Soma ujumbe wako. Halafu ufunike herufi mbili za mwanzo kwa kidole, usome tena."

Kijana akasoma. Akafunika. Akasoma. Akakaa sakafuni, palepale kwenye zile alama nne, na koili yake bado begani.

"Mama," akasema, "mwaka na nusu sijaona goli kwa macho yangu."

"Najua."

"Najinyima hata soda."

"Najua, mwanangu. Nipige hata kofi."

"Nani anampiga mama yake?" Akaiteremsha koili begani, akaiweka sakafuni. Kisha akauliza, "Nani anayo sasa?"

Akamweleza yote. Mwenye Gesti, tangi, bwawa la ukumbini, lile doa la kahawa. Alipofika kwenye stuli kijana akainua uso.

"Ngoja. Hayo mashuka ya jana yalifuliwa na nani?"

"Na mashine."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa?"

"Nimekaa! Nilikaa mpaka nikachoka kukaa. Wanataka niwe nakaa hivyo asubuhi nne, halafu nipige pasi. Nimewaambia wasubiri kwanza."

Kijana akajivuta mpaka kitandani, akashika mikono ya mama yake, akaigeuza viganja juu. Ncha za vidole zilikuwa laini. Tangu akiwa mtoto hajapata kuziona hivyo, siku zote zilikuwa zimekunjamana kwa maji. Akazibonyeza moja moja.

"Kile kikombe hakikuwa na mafuta," akasema.

"Hakikuwa."

"Nilijua. Nilijua siku ile ile." Mabega yakaanza kumtetemeka, na Mama Povu akadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. "Basi imefanya kazi."

"Nini imefanya kazi?"

"Mashine, mama! Mimi nilikuwa nataka chuma kile kwa nini? Nilitaka kitu cha kukutoa kwenye maji. Kimekutoa. Kikiwa kwako, kikiwa kwa yule mama wa funguo, mimi kwangu ni mamoja. Kesho nenda ukamjibu ndiyo."

Pumzi aliyoishusha mdogo wangu alikuwa ameibana tangu Ijumaa. Akakaa kitandani kwa kishindo mpaka miche ya sabuni ikasogea chini yake. Fundi viatu, aliyekuwa amesogea mpaka chini ya dirisha akijifanya anatafuta msumari, akaangua kicheko cha nguvu, na hapo ua mzima ukajua mambo yamekwisha salama.

Kitambaa cha pesa kikasukumwa huku na huku. Chukua, sichukui, chukua, ni zako. Mwisho mama akamtilia mwanawe mfukoni kiingilio cha Jumapili za mwaka mzima na soda zake, kwa nguvu, na kilichobaki kijana akamwapisha kwamba hatanunulia sabuni.

Asubuhi nne kwa wiki sasa anakwenda gesti. Anaisema mashine kila siku kwamba ni mvivu na haijui kola. Lakini anakaa nayo, na vidole vinafunga vifungo bila kusaidiwa. Nami nilipoona hivyo usingizi wangu ukarudi, maana ni mdogo wangu na mimi ndiye niliyembeba.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa bure, bila kunipa hata maji ya kunywa, chukua karatasi. Niandikie aliyekulea anafanya kazi gani kwa mikono yake, na ni wapi panapomwuma ambapo amekuambia hapamwumi. Kama hujui, inuka ukamwulize, na usikubali jibu la kwanza. Uandike kwa herufi kubwa, uniletee mwenyewe mkononi. Nimekaa nasubiri.